Miche ya Babu na Jicho la Shangazi Rimma

Jumanne, 23 Aprili

Kuna jambo sijamwambia mtu. Hata Bibi hajui. Jana, dakika kumi tu baada ya gari kumchukua Bibi Kapitolina kwenda hospitali ya Ivanovo kubadilishwa nyonga, nilimfungulia mlango Shangazi Rimma, jirani yetu. Akaingia moja kwa moja hadi jikoni. Akaiona miche. Akaisifu!

Nakumbuka kila neno. Alisema, loo, mizuri hii, mifupi na minene kama askari wa gwaride. Hakutema mate begani mara tatu, kama ifanywavyo ili sifa isigeuke jicho baya. Hakugonga mbao. Akamaliza chai, akala biskuti nne, akaenda zake akitabasamu.

Na neno la mwisho la Bibi, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, lilikuwa hili: "Ustinya, miche asiione mtu." Hakusema nimwombee. Hakusema nile vizuri. Miche!

Niandike vizuri ili uzito wa kosa ueleweke. Miche ni thelathini na miwili, ya nyanya, kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa, juu ya ukingo wa dirisha la jikoni. Mbegu ni za Babu Matvey. Alizichagua mwenyewe kwa miaka thelathini, kila kiangazi tunda moja bora, mpaka akafa. Hazipo kwingine duniani. Mwaka jana ukungu uliua mashina yote, likapona tunda moja. Ndani yake mbegu thelathini na mbili. Bahasha ya mbegu sasa ni tupu. Nimeikung'uta. Tupu.

Mimi nilimaliza shule Juni iliyopita. Chuo kilinikataa kwa kupungukiwa alama nne. Asubuhi nabandika lebo maktaba, mahali ambapo kuongea ni marufuku, kwa hiyo kazi inanifaa. Zaidi ya hapo nimekabidhiwa jambo moja tu maishani, nalo ni miche hii. Nimeliharibu kwa dakika kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Imeanza! Juzi asubuhi nilikuta miche yote imeinama. Yote, upande mmoja. Upande wa dirishani. Na nje ya dirisha kuna nini? Jengo letu limekunjwa kama kiwiko, na jiko la Shangazi Rimma linatazamana na letu ng'ambo ya uwanja. Miche inavutwa kwake!

Nikafanya jaribio, kama tulivyofundishwa darasani. Nikageuza pakiti zote, migongo dirishani. Leo asubuhi imegeuka tena. Inamtazama yeye. Jaribio la pili halihitajiki.

Hatua zilizochukuliwa:

Pini ya nguo imechomekwa kwenye pazia, kichwa chini, kama ifanywavyo dhidi ya husuda.

Uzi mwekundu umefungwa kwa kila mche. Mafundo thelathini na mawili. Mche mmoja ulikatika wakati wa kulindwa. Imebaki thelathini na mmoja.

Magazeti ya zamani yametoka maktaba ndani ya koti langu. Dirisha zima, matabaka mawili, gundi ya unga. Jiko limekuwa kama pango. Sasa atazame magazeti. Asome habari za mavuno ya mwaka juzi akitaka.

Jumapili, 28 Aprili. Pasaka

Nimetoboa tundu dogo kama kifungo cha shati kwenye gazeti, kwa ajili ya uchunguzi. Matokeo yanatisha.

Kila siku saa mbili asubuhi Shangazi Rimma anageuza vyungu vyake vya miche, kimoja kimoja, robo mzunguko, upande uleule. Kama mtu anayefungua kasiki! Nyuma ya vyungu amesimamisha karatasi ya kung'aa kama fedha, inayorudisha mwanga wote kwake. Mtu mwenye dhamiri safi anataka kioo cha nini jikoni?

Saa nne, hodi. Nikajibanza nyuma ya mlango bila viatu. Akasema ni yeye, Rimma, mwanangu fungua, ameleta keki ya Pasaka. Nikanyamaza. Akasema anasikia ninapumua. Nikaacha kupumua. Akangoja. Halafu, mjanja huyu, akapaza sauti ngazi nzima ikasikia: "Kristo amefufuka!"

Ningefanya nini? Salamu hiyo ya Pasaka hakuna mtu anayeweza kuiacha bila jibu. Nikajibu kupitia tundu la ufunguo kwamba kweli amefufuka, na baada ya hapo ikabidi nifungue, upana wa kiganja. Akaingiza pua. Akauliza mbona giza, mna msiba? Nikasema nasumbuliwa na macho. Si uongo.

Akaniachia keki na bunda la ile karatasi ya kung'aa. Ati niiweke nyuma ya miche, upande wa chumbani, mwanga uipate pande zote mbili, isiiname. Hivi ananiona mtoto? Bunda nimelibeba kwa koleo la mkaa mpaka pipa la taka. Keki nimekula, baada ya kukata upande wa juu kwa tahadhari. Halafu nikala na upande wa juu.

Alhamisi, 2 Mei

Bibi kapiga simu! Nyonga mpya imeingia. Sauti imekwaruza, lakini ulimi ni uleule. Anasema mgonjwa wa kitanda cha pili anakoroma kama trekta lisilo na ekzosi. Halafu, bila kuvuta pumzi: miche vipi?

Nikasema imekua sana. Shubiri moja na nusu! Nikangoja sifa. Kisha akasema, polepole, shubiri na nusu mwanzo wa Mei? Yeye hakuotesha maharagwe, alisema. Mche mrefu hausifiwi. Akauliza kama inapata mwanga. Nikajibu tangu alfajiri. (Gazeti linapata mwanga tangu alfajiri. Miche iko nyuma ya gazeti.)

Akasema mche ukirefuka hivyo unatafuta mwanga, kama watu wa mwisho kwenye foleni wanavyovuta shingo kuona kama nyama imebaki. Nipunguze maji, nipunguze joto, niusogeze karibu na kioo. Niugeuze kila siku. Nesi akamnyang'anya simu.

Niugeuze kila siku! Mambo ya Rimma kabisa. Je, kampigia Bibi simu? Kampandikizia maneno mgonjwa?

Nimefikiri jioni nzima. Bibi hajui habari ya jicho, ndiyo maana anaongelea mwanga. Miche hii haitafuti chochote. Inataka kukimbia! Nimeongeza tabaka la tatu la magazeti.

Minne imelala chini, shingo nyembamba kama uzi wa kushonea. Imebaki ishirini na saba.

Jumapili, 5 Mei

Siri imefichuka! Tangu jana jioni dirisha la Shangazi Rimma linawaka rangi ya zambarau. Jiko zima kama supu ya bitiruti. Ipo taa inaning'inia juu ya vyungu.

Kila mtu anajua ni mimea gani inayooteshwa chini ya taa kama hizo. Na habari yenyewe ipo kwenye dirisha langu, gazeti la kushoto, safu ya tatu: polisi wa mji fulani walikuta chumba kizima cha bangi. Nilikuwa nimeibandika kichwa chini, nikaisoma nikiwa nimepinda shingo.

Nimeandika barua. Kwa mkono wa kushoto, nisitambuliwe. "Kwa askari wa mtaa. Katika jengo namba 14 kuna mtu anaotesha kitu jikoni kwa siri na hataki kionekane. Simama uwanjani utazame madirisha. Utalitambua mwenyewe." Jina sikutaja. Mimi si msengenyaji.

Nimeitumbukiza kwenye sanduku la barua la askari nikakimbia.

Jumanne, 7 Mei

Amekuja. Luteni Zhilkin, yule mwenye masharubu ya rangi ya kutu. Nilimwona kupitia tundu. Alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, akatazama madirisha moja baada ya jingine. Nikasugua viganja kwa furaha. Akatazama la Rimma: pazia wazi, miche, taa, paka amelala. Akapita! Akatazama ya juu, ya pembeni. Kisha akatazama hapa. Moja kwa moja kwenye tundu langu. Macho yetu yakakutana.

Hodi.

Akasema, binti, jengo hili lina madirisha sitini upande wa uwanja, na moja tu limezibwa magazeti matabaka matatu. Unaotesha nini, mwanangu? Nikaonyesha kwa kidole. Akashika gazeti pembeni akalivuta, likashuka lote na gundi yake, na mwanga ukamwagika jikoni mpaka nikafumba macho.

Alitazama muda mrefu. Akavua kofia, kama watu wanavyofanya makaburini. Mwishowe akauliza kama hizo ni nyanya au tambi. Alisema mama yake mzazi angemfukuza kwa ufagio kwa miche kama hii, yeye na cheo chake.

Kisha akakaa kwenye stuli na kunieleza, kwa upole uliozidi kuniaibisha. Magazeti yote yatoke leo. Dirishani siku kadhaa kwanza, izoee. Halafu balkoni, kidogo kidogo: siku ya kwanza kwa muda wa saa moja tu, kivulini, bila upepo. Siku ya pili saa mbili. Jua lenyewe lije mwishoni, baada ya siku kumi hivi. Mche wa ndani ni kama mtu aliyetoka kulazwa, alisema, humtoi kitandani ukampeleka kuvuna viazi. Akaniandikia yote kwenye karatasi. Akaigeuza. Ilikuwa barua yangu!

Akauliza kama mwandiko ule naufahamu. Nikasema unaonekana wa mtu wa mkono wa kushoto. Akatazama kidole gumba changu cha kushoto. Kilikuwa na wino. Akasema, haya. Akavaa kofia.

Mlangoni alitema mate begani mara tatu, tfu tfu tfu. Huyo kalelewa vizuri. Lakini ameiona! Macho mawili zaidi. Jumla manne.

Ijumaa, 10 Mei

Magazeti nimeyatoa, maana ni amri ya serikali. Miche imesimama uchi dirishani siku tatu. Sijalala vizuri.

Lakini leo, bahati! Shangazi Rimma kaenda dacha, kwenye kijumba chake cha mbao na bustani yake, mpaka Jumapili. Majirani wengine pia, sikukuu imeunganishwa na wikendi. Uwanja mtupu. Hakuna hata jicho moja!

Nimepiga hesabu. Luteni alisema siku ya kwanza saa moja, ya pili saa mbili, mpaka kumi. Ukijumlisha ni saa hamsini na tano. Rimma atarudi kabla sijamaliza hata saa kumi. Basi, badala ya kuzinyunyiza, nizitoe kwa mkupuo! Leo kuanzia alfajiri hadi jioni ni saa kumi na nne. Kesho kumi na nne nyingine. Zaidi ya nusu ya kazi itakuwa imekwisha kabla hajarudi. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi.

Nimeipanga balkoni yote, juani kabisa, nikaenda maktaba nikiimba. Kimoyomoyo, lakini nikiimba.

Jioni. Majani ni meupe. Si manjano, meupe, kama karatasi. Mengine yamejikunja. Mitatu upepo umeivunja katikati.

Jumapili, 12 Mei

Nimehesabu mara nne. Kumi na mmoja yenye kijani kileleni. Mingine ni nyuzi.

Nimelia juu ya pakiti za maziwa. Babu alikuwa akinibeba mabegani nichume tunda la juu kabisa. Nilikuwa na miaka mitano. Alisema hilo ndilo la mbegu, usilile, na mimi sikulila, nililishika kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Sasa wamebaki kumi na mmoja. Nimeandika "wamebaki", kama watu. Nitaacha hivyo.

Lakini swali ni hili: aliwezaje kutoka mbali? Nimekumbuka. Ijumaa alfajiri, akiwa na begi kituoni, aligeuka akatazama balkoni yetu. Akanipungia mkono. Akanipungia!

Mchana karudi. Hata begi hakuweka chini. Kasimama uwanjani, kaita mpaka madirisha yakatetema: "Ustinyaaa! Itoe juani, mwanangu, imeungua! Iweke ndani dirishani, uifunike kitambaa chepesi ipoe!" Wazee wote kwenye benchi wakainua vichwa. Niliwahesabu. Macho kumi na manne kwa mpigo mmoja!

Nimeiingiza ndani mbio. Kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya ushauri. Nimeifunika kitambaa chepesi kwa sababu kilikuwa karibu.

Jumatatu, 20 Mei

Bibi karudi, kwa magongo mawili. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Kaenda jikoni, kakaa, kaitazama ile kumi na mmoja. Ina majani mapya, madogo. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, na ile ishirini na mmoja?

Nilikuwa nimetayarisha habari ya wezi. Haikutoka. Nikasema yote kwa pumzi moja: nilimfungulia Rimma, akaiona, akaisifu, hakutema mate, jicho likaipata.

Bibi akaniangalia kama mtu anayesoma bango la lugha ya kigeni. Akauliza jicho gani. Akasema alitaka miche isionwe kwa sababu Rimma akiiona ataomba miwili, na jirani mliyeishi naye miaka arobaini humnyimi. Ndiyo hivyo tu! Akauliza niliificha vipi. Nikasema magazeti. Matabaka mangapi? Matatu.

"Mficha uchi hazai," akasema, "na mficha miche havuni." Akacheka mpaka akashika nyonga. Kisha akageukia picha ya Babu ukutani na kicheko kikaisha. Akanivuta kichwa akakiweka begani kwake.

Nina wasiwasi naye. Nadhani dawa ya usingizi ya upasuaji bado haijamtoka. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusema hakuna jicho.

Jumapili, 2 Juni

Leo tumepanda, kwenye dacha yetu. Bibi kakaa kwenye stuli, anaelekeza kwa gongo kama jenerali. Miche mirefu kama yetu haipandwi wima. Inalazwa. Unachimba mfereji, unalaza shina lote, unaacha kichwa tu nje, na shina lililozikwa linaota mizizi. Nilikuwa nailaza mmoja mmoja. Bibi akasema nisiibembeleze, si watoto, nifukie.

Na nani katokea juu ya uzio? Bustani yake imepakana na yetu. Bibi akamwita! Akampa miwili kwa mkono wake mwenyewe! Alisema mbegu ikikaa nyumba moja, siku moja inatosha kuimaliza. Ikikaa nyumba mbili, Babu anaweza kulala.

Rimma kaipokea kwa mikono miwili, macho yamemjaa maji, na hakusema hata asante. Najua desturi, mche haushukuriwi, ukishukuriwa unakauka. Lakini alikaa kimya kupita kiasi.

Bibi kaifunika tisa yetu kwa kitambaa cheupe, jua lisiichome siku za kwanza. Kesho anarudi mjini kwa mazoezi ya mguu, wiki nzima; mimi nabaki hapa, maktaba wamenipa likizo. Alinishika sikio akarudia maagizo mara tatu. Siku tatu za kitambaa. Jumatano, kitoke. Nimeelewa? Nimeelewa.

Jumamosi, 8 Juni

Jumatano nilikwenda kukitoa. Naapa. Mkono ulikuwa tayari umeshika ncha ya kitambaa. Na juu ya uzio, kichwa cha Shangazi Rimma! Akasema kwa furaha, mwanangu, ile miwili imeshika, mmoja umeanza kutoa kichala cha maua, ya kwenu je?

Maua! Siku tatu tu! Na mbegu ni moja na yetu! Hayo maua yametoka wapi, kama si kwetu?

Nikaachia ncha. Jioni nikaongeza kitambaa cha pili. Alhamisi alipita tena na ndoo, akatazama, nikaongeza koti la Babu la kuvulia samaki. Ni zito, halipitishi kitu. Babu mwenyewe analinda nyanya zake.

Leo nimechungulia chini, haraka, kwa upande usioonekana toka kwa jirani. Imekua sana! Mirefu, laini, rangi nyeupe nyeupe ya kupendeza. Yote inaelekeza vichwa penye ule upenyo mdogo niliochungulia, kumbe inanitambua.

Bibi anafika kesho kwa basi la saa nne. Saa tatu nitatoa kila kitu, koti nitalirudisha kwenye msumari, atakuta miche tisa imenyooka.

Wewe uliyeokota daftari hili, umeshayasoma yote, siwezi kukuzuia. Lakini nakuomba unifichie. Bibi akikuuliza, kitambaa nilikitoa Jumatano.